Taa nyekundu siyo mkorogo, soma kwanza kabla hujalipia

Meseji zinazoingia kwenye simu ya saluni siku hizi karibu zote zinauliza kitu kimoja, dada hiyo taa nyekundu mnayomulika usoni inang'arisha? Nikifanya mara ngapi mabaka yanatoka? Jibu letu ni hapana, haing'arishi, na tumeona tuliandike hapa kwa kirefu maana inatuuma kuona mtu katoka Mbagala mpaka huku Sinza, kapanda daladala mbili, hela anayo mkononi, halafu inabidi tumrudishe.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, uso umekuwa mwekundu mwekundu, mashavuni mishipa midogo inaonekana kabisa, ila ukimwangalia vidole kwenye viungo pale, sugu nyeusi tii. Tukamuuliza taratibu, mama unapaka nini, akasema losheni tu ya kawaida. Tukakaa naye, tukaongea, baadae akafungua pochi akatoa kikopo cha plastiki hakina hata lebo, kachanganyiwa na muuzaji wa duka la mtaani kwao. Hatukumuwekea taa. Ngozi iliyoliwa na mkorogo, yaani hizo krimu za kujichubua zinazochanganywa mtaani, inakuwa nyembamba na inachomwa na kila kitu, na ndani ya vile vikopo mara nyingi kuna steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au zebaki, na vyote vitatu vilishapigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Huyo anahitaji daktari wa ngozi kwanza, na asiache ghafla peke yake kwa sababu steroidi ukiikatisha ngozi inaweza kulipuka vibaya, amwambie daktari ukweli wote na kikopo aende nacho. Kwa walioko kaskazini, hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo kikubwa kabisa cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, msihangaike na waganga wa mtandaoni.

Sasa taa yenyewe inafanya nini? Usiku zima taa zote, washa tochi ya simu uizibe kwa kidole. Utaona kidole kinawaka chekundu. Tochi ni nyeupe, ina rangi zote, ila damu na nyama zinameza zile nyingine na nyekundu ndiyo inapenya ikatokea upande wa pili. Ndiyo maana ikachaguliwa hiyo rangi, mwanga wa kama nanomita 630 mpaka 660 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) unaingia milimita kadhaa ndani ya ngozi, na ule usioonekana kwa macho wa 810 mpaka 850 unaenda chini zaidi. Huko ndani kwenye seli kuna mitokondria, yale majiko madogo ya kupikia nguvu ya seli, yanaupokea huo mwanga na kufanya kazi vizuri zaidi, uvimbe unatulia, kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi isilegee, inatengenezwa. Haina ile miale ya jua inayounguza. Na siyo kitu cha jana, mwaka 1967 kule Budapest daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni akawamulika na leza dhaifu, alitaka kujua kama itawapa saratani, kumbe saratani hawakupata na manyoya yakaota haraka kuliko ya wenzao.

Kwa hiyo sisi tunaitumia kwa chunusi zile zenye uvimbe na maumivu, kwa ngozi iliyoanza kulegea na mikunjo midogo ya pembeni ya macho, na kusaidia ngozi itulie baada ya huduma nyingine. Matokeo ni ya polepole, wiki nane mpaka kumi na mbili. Anayekuahidi siku tatu anakudanganya.

Mabaka ya uso, hasa yale ya ujauzito au ya vidonge vya uzazi wa mpango, hapo tunakuwa wagumu sana kukuwekea taa. Ngozi yetu nyeusi ikipata joto au mwanga mwingi inajilinda kwa kuongeza rangi, na watafiti walishaona kwamba ngozi yenye rangi nyingi inafikia kikomo cha taa hii mapema kuliko ngozi ya mzungu. Maana yake dakika zilizoandikwa kwenye boksi la mashine siyo lazima ziwe zako. Tunaanza na dakika tano, tunaangalia, ndiyo tunafika kumi, mara tatu kwa wiki basi. Ukizidisha haikusaidii zaidi, faida inarudi chini.

Kuna dada kaniuliza kama anaweza kutumia ile taa nyekundu ya vifaranga maana nyumbani anayo bandani. Jamani hapana! Ile kazi yake ni joto, ukiiweka karibu na uso utaungua na hayo mabaka yatazidi kukolea. Hata ukinunua barakoa ya taa mtandaoni, angalia kama wameandika nanomita, kama hawajaandika unanunua plastiki yenye vibalbu vyekundu tu.

Ukija kwetu njoo uso mkavu bila make-up na bila mafuta, tutakupiga picha dirishani palepale muda uleule kila ukija ili ujionee mwenyewe kama kuna mabadiliko, utavaa miwani ya kuziba macho hata kama umefumba. Tuambie kama una ujauzito, una kifafa, una lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), au unameza dawa za chunusi kama doksisaiklini, nyingine zinafanya ngozi isitake mwanga. Na vyote unavyopaka, asubuhi na usiku, vitie kwenye mfuko uje navyo, hata kile kisicho na lebo, hakuna atakayekusema.