Wifi, mtoto nakwenda naye

Wifi,

Asalaam aleikum. Simu zangu hupokei. Ujumbe unasoma, naziona tiki za buluu, halafu kimya. Basi naandika hapa, na watakaosoma wasome.

Ulivyosikia ni kweli. Mwisho wa Oktoba nakwenda mji wa Craig kuwinda kulungu, na mtoto nakwenda naye. Kibali kimetoka kwa jina langu. Unajua marehemu kaka yako Machi ilikuwa haimpiti bila kukaa mezani na kile kijitabu cha kanuni, maana maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili, na tangu 1999 vibali vya kulungu hapa Colorado vina idadi maalumu, wanaopata huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka huu nimejaza mimi, kwa simu, nikiwa bado eda. Najua hilo litakukera kuliko yote. Lakini eda inanizuia kuolewa na kuzurura, hainizuii kujaza fomu. Kozi ya usalama wa uwindaji nilishaifanya mwaka jana pamoja na kaka yako. Huku yeyote aliyezaliwa tangu 1949 hapewi kibali bila cheti.

Umewaambia watu wa mji wetu wa Aurora mzima kwamba nampeleka mtoto wa miaka saba akashike bunduki. Nani kakwambia? Sheria ya hapa haimruhusu mtoto chini ya miaka 12 kuwinda mnyama mkubwa. Yeye kazi yake darubini. Ataniambia dume liko wapi na majike wangapi, na akichoka tunarudi, hata kama dume limesimama mbele yetu limeinua masikio. Bunduki inakaa kwenye sefu, risasi kabati lingine, na funguo ninazo mimi. Tangu 2021 kuificha silaha mbali na watoto ni sheria, lakini kaka yako alikuwa akifanya hivyo kabla hawajamwambia.

Nimepanga, wifi. Usidhani nakurupuka. Hatulali kwenye hema. Moteli ya pale mjini inatutosha, mtoto aoge maji ya moto. Njia ya Cameron Pass tunaipita mchana na kwa mapumziko, kule juu ni zaidi ya mita 3,100 na watoto huumwa kichwa, maji lazima anywe hata kama hataki. Nguo za pamba hapana, zikilowa hazikauki. Soksi za sufu jozi nne, glavu za akiba, maana Oktoba kule theluji haibishi hodi. Kizibao chake nimenunua cha waridi kali. Mwindaji mwenye bunduki anatakiwa avae inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa inayong'aa, na tangu 2016 waridi nayo inakubalika. Mtoto asiyewinda halazimiki, lakini wangu atavaa mpaka kofia. Filimbi shingoni. Nimemfundisha: ukipotea, shika mti mmoja, usiondoke, piga filimbi mara tatu, pumzika, piga tena. Tumefanya mazoezi nyuma ya nyumba mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Maandazi, chai ya tangawizi kwenye chupa. Yule mzee jirani aliyekuwa akienda na kaka yako ndiye atakayetuongoza, na mkewe anakuja, kwa hiyo lile neno ulilolisema kuhusu mjane na mwanamume porini lirudishe mwenyewe ulikolitoa.

Nawe unasema milima ndiyo iliyomuua. Presha ilimkuta kazini, wifi, kwenye sakafu ya saruji, zamu ya usiku, Januari. Milimani ndiko alikokuwa akipumua.

Sasa niseme lile. Arobaini. Mimi nimekaa kwenye godoro na nguo zangu nyeupe, ukumbi umejaa wanawake, pilau ndiyo kwanza inapakuliwa. Ukavuta kiti, ukapanda na soksi zako, ukazishusha ukutani pembe za kulungu aliowawinda kaka yako. Ukazitia kwenye mfuko mweusi wa taka. Pembe moja ikatoboa mfuko, ukaleta wa pili. Hukunitazama hata mara moja. Mtoto alikuwa mlangoni na sahani yake, akakuuliza, "Shangazi, unazipeleka wapi za baba?" Ukamjibu kwamba nyumba hii ni ya kusomewa Qur'ani, si ya mafuvu. Mbele ya watu wote wale. Akasimama na ile sahani mpaka pilau likapoa, na usiku ule akalala na darubini ya babake shingoni, hakutaka nimvue.

Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Wewe ukaona nimekubali.

Na huo ucha Mungu wa kuwaonea wanyama huruma umeuanza lini? Muheza nani alikuwa akibeba kokoto za manati? Nani aliyechemsha ulimbo kwenye sufuria ya mama mpaka ikatupwa? Kaka yako alinisimulia akicheka mpaka machozi, kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kunyamaza kichakani. Mama asijue habari ya sufuria, bado anadhani aliiba fundi.

Ukasema tena nyama yenyewe nyamafu. Alikuwa akisema bismillahi kila anapofyatua, na akimkuta mnyama bado ana roho anamchinja. Kichwa alikuwa akikipeleka kupimwa ule ugonjwa wa kukondesha kulungu, uliogunduliwa hapahapa Fort Collins mwaka 1967, na majibu yasipotoka hatuli. Tulikuwa na uangalifu kuliko wewe na kuku wako wa dukani. Na ile mishkaki ya Idi uliyoisifu, ukaomba ufungiwe nyingine kwenye foili? Kulungu wa Craig, wifi. Kaka yako alinikonyeza nisiseme.

Nakupenda, ndiyo maana nina hasira. Wewe ndiye ulinipokea uwanja wa ndege na koti la kunikopesha, ndiye ulikaa nami leba wakati yeye yuko zamu. Mtoto ana pua yako na ubishi wako. Mimi ninaweza kumwonyesha alikokuwa akikaa babake alfajiri, lakini alivyokuwa akiwa na miaka saba, hilo unalo wewe peke yako.

Gari lina nafasi moja. Tunaondoka Ijumaa baada ya swala. Ukija, usije na vile viatu vyako vya kisigino, na pembe kama bado ziko garaji kwako, njoo nazo. Usipokuja, nikipata dume nitakuletea paja zima, majibu ya maabara nitabandika juu. Ukilikataa sema mapema, jirani anayo friza kubwa.

Wifi yako