Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Ukurasa Usio na Maksi

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Darasa la Awali, la Kwanza na la Pili

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na majukumu. Ripoti aliyokuja nayo mtoto leo ina ukurasa wa nyuma usio na maksi wala nafasi darasani. Safari hii tunaomba muanzie hapo. Mwandiko mnaoulalamikia kwenye daftari, mara nyingi chanzo chake kimeandikwa kwenye ukurasa huo.

Kila stadi ya mwili imepewa A (anafanya mwenyewe), M (anafanya kwa msaada) au B (bado). Alama hizo hazikutokana na jaribio la siku moja. Walimu walimtazama mtoto siku tatu tofauti, akiwa mchezoni, kwa sababu aliyekuja bila kunywa uji, au aliyevaa viatu vinavyompwaya, huonekana hajui kuruka kumbe anajua. Tumeandika kilichoonekana, kwa mfano "mguu wa kulia sekunde 9, wa kushoto sekunde 4". Hamtakuta neno "mvivu" wala "mzito", maana maneno hayo hayamwonyeshi mtu la kufanya.

B si aibu. Katika darasa moja kuna aliyetimiza miaka 5 juzi na anayekaribia 6, na katika umri huo miezi kumi ni sehemu kubwa ya maisha yote ya mtoto. Mlinganisheni na alivyokuwa Januari. Mtoto wa jirani muacheni.

Kwa misuli mikubwa, watoto wengi wa miaka 5 husimama kwa mguu mmoja kama sekunde 10 na kuruka kwa mguu huo mara kadhaa. Lakini kuhesabu tu hakutoshi, tazameni anavyofanya. Mdogo hudaka mpira kwa kuukumbatia kifuani huku akifumba macho. Akikomaa huufuata kwa macho na kuupokea kwa viganja. Kurusha nako hivyo hivyo: mwanzoni mkono hufanya kazi peke yake na miguu imeganda, baadaye mwili hugeuka na mguu wa upande wa pili hutangulia. Ukiona mguu umeanza kutangulia, hayo ni maendeleo hata kama mpira haujafika mbali.

Sasa penseli. Nguvu ya kuandika huanzia kiwiliwili na bega, ikashuka kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, ndipo ikafika vidoleni. Asiyeweza kukaa wima dakika kumi huegemea meza, hushika kichwa kwa mkono mmoja, na daftari likikosa wa kulishikilia huteleza. Hapo atasingiziwa mwandiko mbaya. Kwanza angalieni kiti: nyayo zikanyage sakafu, au zikanyage tofali au kigoda kama kiti ni kirefu, na meza iwe usawa wa kiwiko.

Umbo la herufi nalo lina utaratibu wake. Mtoto huweza kuiga duara akiwa na miaka 3 hivi, msalaba 4, mraba kati ya 4 na 5, pembetatu karibu 5. Mistari ya mshazari ndiyo huchelewa. Ndiyo maana anayeandika o, i na u vizuri anaweza kuhangaika na k, v, w na z. Akikwama hapo, kumwandikisha "k" kurasa tatu hakusaidii. Mchoreeni paa la nyumba, mlima, kishada. Mchangani kwa kidole kwanza, kisha kwenye karatasi.

Wanaotumia mkono wa kushoto: adabu ya kula kwa mkono wa kulia ni ya nyumbani, hatuiingilii. Penseli tunaomba iachwe kwenye mkono aliouchagua mtoto. Daftari lilazwe kidogo, kona yake ya juu kushoto iwe juu zaidi ya ile ya kulia, na ashike penseli kama sentimita 3 kutoka kwenye ncha ili aone anachoandika.

Likizo hii hatutoi kazi ya kunakili. Tunataka akande unga wa chapati, achambue maharage kwa vidole viwili, akamue soksi zake, aanike kwa vibanio, afunge vifungo vya shati mwenyewe hata kama mnachelewa kutoka. Nje kuna kamba, mdako na rede. Mdako una faida usiyoitarajia: jicho, mkono na muda wa kudaka hufanya kazi pamoja, na kokoto zake hazinunuliwi.

Kupima urefu: bila viatu, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Wekeni kitabu kigumu juu ya kichwa, kikae pembe mraba na ukuta, pigeni alama, andikeni tarehe. Pimeni asubuhi, kwani jioni mwili huwa umeshuka kidogo. Umri huu huongeza takribani sentimita 5 hadi 6 na kilo 2 hadi 3 kwa mwaka, hivyo kupima kila wiki huleta hofu za bure. Kosa la kitabu kilichoinama linazidi ukuaji wa wiki nzima. Sasa na Desemba panatosha.

Karibu miaka 6 jino jipya huota nyuma kabisa, bila jingine kung'oka. Wengi hudhani ni la utoto na huliacha lioze. Hilo ni la kudumu. Mswaki ufike huko.

Msingojee shule ifunguliwe, mpelekeni kituo cha afya, mkiona haya: amepoteza uwezo aliokuwa nao, huinuka kutoka chini kwa kujisukuma na mikono juu ya mapaja yake, hutembea kwa ncha za vidole muda wote, upande mmoja wa mwili ni dhaifu kuliko mwingine, huinamisha kichwa au kusogeza kitabu karibu na pua, anachechemea na nyayo hazina funza, mwiba wala kidonda, au uzito umepungua. Nendeni na ukurasa huo wa ripoti, mganga ataona tarehe na kilichoonekana.

Siku ya kufungua, mtoto aje na karatasi yenye urefu wake, tarehe aliyopimwa, na stadi moja ya B au M mliyoifanyia mazoezi. Pimeni pia begi: likiwa na vitu vyote lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 2 kwa mtoto wa kilo 20.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu