Tenda za majiko ya shule zisiwafungie nje mafundi wetu

Mhariri, habari ya kazi. Naomba nafasi niongelee hii ishu ya nishati safi, maana serikali ilishasema taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka ifikapo 2034 Watanzania 80% wawe wanatumia nishati safi kupikia. Hilo soko ni kubwa jamani, na kwa shule za serikali mnunuzi ni serikali yenyewe.

Sasa angalia inavonunua. Mimi ni mchomeleaji, na mwenzangu hapa karakana katengeneza jiko la gesi la shule, lina pete nzito ya chuma inayobana sufuria ili mpishi akisonga ugali lisiyumbe, alafu kalizungushia bati la kukinga upepo kwa sababu majiko mengi ya shule yako bandani, moto unapeperuka gesi inaisha bure. Wapishi walilijaribu wakalipenda sana. Kwenda kwenye tenda tukakuta wameandika mpaka kipenyo cha bomba, yani mtu kachukua katalogi ya jiko flani la nje akanakili tu, na bado wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na ushahidi kwamba ulishauza kitu kama hicho. Kitu kipya utakuwa ushakiuza wapi?

NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, imesaidia, tenda tunaziona, na ile asilimia 30 ya manunuzi ya serikali inayotengwa kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu ipo kisheria, sikatai. Ila wengi wanaopata humo wananunua vitu dukani na kuviuza, anayebuni bado yuko nje.

Tunachoomba ni tenda iseme kazi: jiko lipikie wanafunzi 500, gesi isizidi kilo kadhaa, usalama uwe hivi. Kila mtu alete lake, TBS (shirika la viwango) wapime, yanunuliwe machache yatumike muhula mmoja kwenye shule chache, litakalofanya vizuri ndo lipewe oda kubwa. Serikali kuanza kununua kitu kipya inasaidia: Marekani miaka ya 1960 chipu za kompyuta zilikuwa bei mbaya, wanunuzi wakubwa walikuwa jeshi na NASA, shirika lao la anga, kwa safari za Apollo za kwenda mwezini, viwanda vikapata oda za uhakika, bei ikashuka mpaka raia wa kawaida wakazinunua.

Na mtulipe kwa wakati, vyuma tunakopa dukani na mwenye duka hasubiri bajeti ijayo.

Fundi mchomeleaji, Morogoro