Mwanaidi, hiyo chaja usiichomeke

Sinza, Jumatano usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto na kwa bibi. Sisi huku wazima, paa linavuja palepale unapopajua, ndoo tumeshakinga. Naandika mbio kwa kuwa simu yako haipatikani tangu jana na Hamisi atapita Kigogo alfajiri. Ameniambia maji yaliingia mpaka sebuleni, chaja ya kompyuta ikalala majini usiku kucha, na sasa umeizika kwenye mchele ili umeme ukirudi uichomeke umalizie hesabu za kikoba.

Nakuomba sana, usiichomeke. Hata uione imekauka kau.

Kile kiboksi cheusi kimebanwa pande zote. Maji yakishapenya kwenye ule mshono hayana pa kutokea, na mchele hauyafikii. Halafu yale ni maji ya mto Msimbazi, yana chumvi, tope na uchafu wa vyoo. Yakikauka yanaacha utando kwenye vile vyuma vya ndani, utando ukipata unyevunyevu wa Dar umeme unapita njia isiyo yake. Soketi zetu zinatoa volti 230, Mwanaidi. Huo si umeme wa betri ya redio.

Unaikumbuka ile meza yangu yenye doa jeusi? Nilikwambia ni pasi. Ilikuwa chaja. Junior aliimwagia kikombe kimoja cha maji, kimoja tu, na ya bombani. Nikaianika siku mbili, nikaichomeka, taa yake ikawaka, nikashukuru Mungu. Siku ya tatu, saa tano usiku, ikaanza kulia kama mafuta kikaangoni, mara paa! Moshi ukajaa chumba kizima. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, hatua mbili kutoka pale. Mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua naamka kumtafuta.

Hamisi hakujua kama ekstensheni uliichomoa au bado iko ukutani. Kama iko ukutani, usiseme "umeme umekatika, ngoja niichomoe." Umeme unaweza kurudi mkono wako ukiwa palepale. Anza na swichi kubwa, uishushe ukiwa umesimama pakavu, mikono mikavu, na ndala miguuni. Kama kuifikia swichi ni lazima ukanyage maji, acha, watoe watoto nje muite fundi umeme. Na hiyo ekstensheni nayo ilishalowa, usiihurumie.

Hamisi anasema ana bisibisi, ataipasua chaja aipulize. Nimemkatalia. Ndani mna kapasita, kidude kama kikopo, kinachoshika umeme wa zaidi ya volti 300 na kinaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa. Asikudanganye mtu kuwa ikishatoka ukutani imekufa. Wala usiianike juu ya bati au kuiweka karibu na jiko, joto litaharibu plastiki na maji yabaki ndani. Ikate waya ule mwembamba wa upande wa kompyuta, ikiwa imechomolewa, asije mtu akaiokota akaitumia. Usiitupe kwenye taka mnazochoma. Na mchele huo, shoga, najua bei yake, lakini usiwapikie watoto. Umelala na maji ya mto.

Najua hesabu zinatakiwa Jumapili na mama mwenyekiti hana simile. Ila chaja inapatikana Kariakoo, Jumamosi naenda mwenyewe na utanirudishia ukipata mzigo wako. Ninachohitaji ni namba. Pangusa tope kwenye kibandiko cha chaja, tazama palipoandikwa OUTPUT. Yangu mimi imeandikwa 19.5V na 3.33A. Volti lazima zilingane na zako, ampea zisipungue, zikizidi si neno. Kibandiko kikiwa kimefutika, tazama chini ya kompyuta. Nichoree na ule mdomo wa chaja unaoingia kwenye kompyuta, mnene au mwembamba, maana muuzaji atakupa wowote ukiduwaa.

Kwani kompyuta yenyewe ilikuwa wapi? Mezani au chini pamoja na chaja? Kama ililowa usiiwashe kabisa, na ukiona imevimba upande wa betri itoe nje ya nyumba. Bibi analala wapi sasa, kwenye kile kitanda cha chini? Yule wa upande wa pili amewapa hata godoro? Na mbona hukuja huku kwetu siku ileile, au uliona aibu kwa sababu ya yale ya Idi? Hayo yalishaisha. Njooni.

Niandikie nyuma ya karatasi hii hii. Nimemwambia Hamisi asiondoke hapo mpaka umpe namba, na mpaka aione hiyo chaja imekatwa waya.

Wako,
Mama Junior