Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: kamera zisisogelee viota vya Kitulo

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUZUIA UPIGAJI PICHA WA NDEGE KWENYE VIOTA, NYANDA ZA JUU KUSINI

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wapiga picha wa ndege na waongoza watalii tunaofanya kazi Mbeya, Makete, Njombe na Iringa. Ombi letu ni moja na tunalitanguliza kabla ya maelezo: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, tunga kanuni inayokataza kumpiga picha ndege akiwa kwenye kiota, awe anaatamia au analea makinda, katika uwanda wa Kitulo na maeneo ya majani yanayouzunguka. Watafiti wenye kibali wabaki nje ya katazo hilo. Tunajua kanuni hiyo itatubana sisi wenyewe kwanza, na bado tunaiomba.

Kitulo ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ilijulikana zaidi kwa maua yake. Wageni wanaokuja kutazama ndege nao wanapanda siku hizi, kupitia kona 57 za Chimala hadi Matamba au kwa njia ya Isyonje, na wengi wanamtaka ndege mmoja: mbayuwayu wa bluu. Ndege huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Huishi kwenye majani mafupi ya milimani, na majani hayo nje ya hifadhi yanazidi kugeuka mashamba ya viazi na misonobari. Hufika mvua zinapokaribia, huzaa hadi Machi au Aprili, kisha hurudi upande wa Ziwa Victoria.

Shida inaanzia mahali anapozalia. Hatumii paa wala mti. Huingia kwenye tundu ardhini, mara nyingi lililochimbwa na muhanga, akabandika kikombe cha tope na nyasi kavu kwenye dari au ukuta wa tundu, akakitandika manyoya. Hutaga mayai 3 kwa kawaida, huyaatamia kwa takriban wiki 2, na makinda hukaa humo kwa wiki 3 hivi au zaidi kabla ya kuruka. Mtu akisimama ukingoni kuchungulia, udongo wenye unyevu huporomoka ndani. Kikombe kile kimeshikwa na tope tu. Kikibanduka, uzazi huo umekwisha.

Hata asipochungulia, kukaa kwake jirani kunatosha kudhuru. Msimu wa kuzaa ndio msimu wa ukungu na mvua. Ukungu ukitanda wadudu hawaruki, kwa hiyo mbayuwayu hulisha makinda katika vipindi vifupi kukiwa kweupe na kumetulia. Vipindi hivyo hivyo ndivyo vyenye mwanga mzuri wa picha. Mpiga picha akikaa saa moja mita 8 kutoka kwenye tundu, huenda amechukua sehemu kubwa ya muda wa chakula wa siku nzima, na kwenye baridi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari kinda asiye na manyoya hadumu muda mrefu bila kufunikwa na mama yake.

Jambo hili si rahisi kuliona, ndiyo maana tunalieleza kwa kirefu. Mbayuwayu aliyetishika haondoki. Huja na wadudu mdomoni, akiruka chini chini dhidi ya upepo, hupita juu ya tundu, hukata kona, huzunguka mteremko na kurudi tena. Kila mzunguko unampa mwenye kamera picha kumi nzuri: mkia mrefu umetanuka, mdomo umejaa, macho yamemwelekea yeye. Mpiga picha anafurahi kwamba ndege amemzoea. Ndege amekataa kuingia kwa sababu yake, na chakula kile kinda hajakipata. Picha nyingi za kiota zinazosifiwa ni picha za ndege mwenye hofu. Mjuzi huzitambua: chakula mdomoni bila kuingia, mdomo wazi kwa mlio wa tahadhari, au bawa linaloburuzwa kana kwamba limevunjika.

Kinachowasogeza watu karibu mara nyingi si ukaidi. Ni hewa. Jua likishapanda, kuanzia saa 3 au saa 4 asubuhi, hewa juu ya majani huanza kucheza kwa joto, na lenzi ndefu ya milimita 600 ikimlenga ndege aliye mita 60 hutoa picha iliyolegea hata kama vipimo vyote viko sawa. Asiyejua sababu hudhani yuko mbali mno, basi husogea. Dawa yake ni kupiga kati ya mapambazuko na saa 3, au siku ya mawingu. Mwongoza watalii aliyefundishwa angemwambia mgeni hivyo tangu Mbeya mjini, akamwamsha saa 9 usiku, na mguso wa kwanza wa jua ungemkuta tayari yuko uwandani.

Kuna pia suala la kusafisha mbele ya kiota. Kweche na ndege wengine wa majani huficha viota ndani ya nyasi, na mtu mwenye haraka hukata mashina machache ili lenzi ipite. Kivuli kikiondoka, makinda huungua na jua la mchana. Kunguru na nguchiro nao huona kilichokuwa kimefichwa. Hata njia iliyokanyagwa mara tatu au nne kwenye majani mabichi ni ramani kwa mbweha, na kwa binadamu pia.

Tukija kwa binadamu, Mheshimiwa, tunaomba kanuni hiyo ihusu na ardhi ya vijiji, kwa utaratibu utakaokubaliwa na serikali za vijiji zenyewe. Kijana anayechunga ng'ombe anayajua matundu yote. Akipewa elfu tano kwa kila kiota anachoonyesha, atazunguka kuchungulia kila tundu la mteremko mzima ili apate kimoja. Alipwe kwa siku ya kuongoza, mgeni awe ameona ndege au hakuona, na kijiji kipate ada yake. Hapo hana sababu ya kusogelea tundu lolote.

Wanaobaki na kamera watapiga nini? Vingi mno. Chozi mwenye mkia mrefu na rangi ya kijani inayong'aa hunyonya maua mekundu ya kinifofia yanayosimama uwandani kama mienge. Maua hayo hufunguka kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo tafuta shina la maua ambalo sehemu yake ya kati ndiyo imefunguka. Huko ndiko mdomo utakakoingia. Kaa mita 6, usitembee, chozi huzungukia maua yale yale na atarudi. Kasi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ya 1/1600 ya sekunde inatosha.

Mbayuwayu mwenyewe anapigika vizuri zaidi akiwinda kuliko akiwa kiotani. Simama kwenye mgongo wa kilima, mbali na matundu, jua likiwa nyuma yako na upepo ukikupiga mgongoni. Atakuja akipanda mteremko dhidi ya upepo, moja kwa moja kwako. Weka kasi 1/3200, tundu la lenzi f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iachwe ijipandishe hadi 3200, na uongeze mwanga stopu moja, yaani mara mbili, maana ndege mweusi-bluu mbele ya anga jeupe hutoka kivuli kitupu. Kamera ikitolewa kwenye baridi ya asubuhi kuingia gari lenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Vioo vitaloa umande usipofanya hivyo.

Tandawala, ndege mkubwa wa majani, humwogopa mtu anayetembea kuliko gari. Zima injini, maana mtetemo wake unaharibu picha, shusha kioo, weka dirishani mfuko wa kitambaa wenye kilo 2 au 3 za mchele, tuliza lenzi juu yake na subiri. Dume anapojionyesha hujaza koo likavimba jeupe hadi kifuani, nawe unaweza kumpiga picha hiyo bila kushuka.

Penye maji na penye maua, hifadhi inaweza kujenga vificho vichache vya kudumu. Mbao na nyasi za eneo hilo zinatosha: meta 2 kwa 3, matundu mapana yenye pazia la kitambaa cheusi kwa urefu wa mtu aliyekaa, mlango upande wa nyuma usioonekana na ndege. Kijengwe nje ya msimu wa kuzaa, kiachwe miezi kadhaa kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Watu waingie kabla ya kupambazuka. Huu ni mtaji mdogo, na mgeni atalipia kukaa humo.

Katika misitu ya Rungwe, Livingstone na Udzungwa kuna tatizo la pili, la sauti. Mtu hucheza wito wa ndege kwa simu na spika ili ajitokeze. Ndege husikia mpinzani ameingia eneo lake, huacha kazi yake aje kupigana na asiyekuwepo. Udzungwa ni nyumbani kwa ndege ambao eneo lao lote duniani ni vilele vichache. Kwale wa huko alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991 tu. Katika msitu unaotembelewa kila wiki, ndege wale wale wakichezewa sauti kila wiki ni wepesi kuchoshwa. Tunaomba sauti zipigwe marufuku kabisa msimu wa kuzaa, na mwaka mzima kwa ndege walio hatarini.

Bundi tunamtaja kwa neno moja: mwongozaji asimwonyeshe mgeni bundi aliye jirani na makazi mbele ya wenyeji, kwa kuwa wengi bado wanamhusisha na uchawi na kesho yake atapigwa mawe. Korongo mwenye taji naye anawindwa kwa ajili ya biashara ya makinda. Picha ya simu hubeba mahali ilipopigwa ndani yake, hivyo lokesheni izimwe kwenye kamera na simu kabla ya kuingia mabondeni.

Hatimaye, Mheshimiwa, tunaiomba Wizara na taasisi zilizo chini yake zisipokee picha za viotani kwa ajili ya kalenda, mabango wala mashindano. Mpiga picha hufuata soko, na soko hilo likifungwa wengi watarudi nyuma bila kusubiri askari. Mafunzo ya waongozaji yafanyike Matamba, Mbeya na Iringa kati ya Juni na Agosti, kabla mbayuwayu hawajarudi. Tuko tayari kusaidia kuyafundisha.

Tunaomba kuwasilisha.

Wapiga picha wa ndege na waongoza watalii,
Nyanda za Juu Kusini