Picha ya mshukiwa gazetini inaweza kuharibu kesi

MHARIRI,

Mwanamichezo maarufu akifikishwa kortini, mabishano ya mashabiki hapa Kisumu hayakawii kumfikia O. J. Simpson, mchezaji Mweusi wa zamani wa soka ya Kimarekani aliyeshtakiwa kwa mauaji ya mke wake wa zamani na mwanamume mmoja. Wapo wanaoapa kuwa pesa ndizo zilizomtoa, na wapo wanaosema aliokolewa na Weusi wenzake.

Jopo la raia 12, ambalo Marekani ndilo huamua kama mshtakiwa ana hatia, lililomwona Simpson hana hatia ya mauaji Oktoba 3, 1995 lilikuwa na Weusi 9, hilo ni kweli. Lakini mwaka wa 1991 polisi wa Los Angeles walinaswa kwenye video wakimpiga Mweusi mmoja, Rodney King, na mwaka uliofuata jopo lisilo na Mweusi hata mmoja halikumtia hatiani yeyote kati yao. Kisha katika kesi ya Simpson, mpelelezi Mark Fuhrman akaapa kwamba hakuwa ametamka tusi la kuwadhalilisha Weusi kwa miaka 10. Kanda za sauti zikamuumbua. Aliyeishi chini ya polisi wa aina hiyo ana sababu ya kutilia shaka glavu yenye damu waliyosema waliiokota nyumbani kwa Simpson.

Mwaka wa 1997 jopo jingine, lenye Wazungu wengi, lilimpata Simpson na lawama katika kesi ya madai iliyofunguliwa na familia za waliouawa, fidia ikafika dola milioni 33.5. Kisheria hukumu hizo mbili hazigongani. Kesi ya jinai huthibitishwa pasi na shaka ya maana. Ya madai, inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe mzito zaidi. Mwandishi asiyeeleza hilo humwachia msomaji rangi ya ngozi kuwa maelezo pekee.

Kuhusu picha, majarida mawili, Time na Newsweek, yalitoa jalada lenye picha ileile ya Simpson, aliyopigwa na polisi alipokamatwa, mnamo Juni 1994. Time waliitia giza uso ukawa mweusi zaidi. Kwenye meza za wauza magazeti zilikaa ubavu kwa ubavu, na kila mtu akaona kilichofanywa.

Wahariri wetu hujitetea kwamba Kenya haina jopo la raia, hivyo picha haimdhuru mtu. (Enzi ya ukoloni jopo lilikuwapo, ila la Wazungu kuhukumiwa na Wazungu wenzao, Mwafrika alikuwa na jaji na wazee washauri.) Utetezi huo unasahau gwaride la utambulisho. Mshukiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura, shahidi akamchague. Shahidi aliyekwisha kuiona sura gazetini Jumatatu anaichagua sura ya gazetini, na wakili wa utetezi ataubomoa ushahidi huo kwa maswali mawili. Bingwa anayejulikana kila kijiji gwaride halimhusu sana, lakini mara nyingi hashtakiwi peke yake. Wenzake wasiojulikana ndio picha hiyo inawagusa, na familia ya mwathiriwa ndiyo inayopoteza kesi.

Halafu kuna maneno. "Ameachiliwa" huandikwa kwa aliyepewa bondi, kwa aliyeondolewa mashtaka na kwa aliyeshinda kesi, kana kwamba ni kitu kimoja. Mwenye bondi bado ni mshtakiwa. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kabla ya mshtakiwa kuanza kujitetea, anaweza kukamatwa tena kwa makosa yaleyale. Aliyeachiliwa chini ya kifungu cha 210, kwa kukosekana kwa kesi ya kujibu, ameshinda. Karani wa korti atakuonyesha kifungu kwenye faili ukimuuliza kwa adabu. Vilevile tarehe ya kutajwa kwa kesi si tarehe ya kusikizwa. Mashabiki husafiri kutoka Kakamega wakitarajia mashahidi, wakaambulia dakika tano za kupanga tarehe nyingine.

Kwetu kabila ndilo linalofanya kazi ya rangi. Kijiji na ukoo wa mshtakiwa vina nafasi gani katika kichwa cha habari ya wizi au ajali? Hati ya mashtaka ina namba ya kesi, kosa, kifungu cha sheria, mahali na tarehe. Andikeni hayo, pamoja na jibu la mshtakiwa aliposomewa. Na kama mlimweka ukurasa wa kwanza alipokamatwa, siku ya hukumu msimtupe ukurasa wa 27 chini ya matangazo ya mashamba.

Mfuatiliaji wa kesi,
Kisumu