Picha ya mama yako

Rochester, New York
9 Februari

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta salama wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku haisemeki. Theluji inaanguka tangu juzi. Mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana barua hii kwa kweli ni yake.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu harusi ya mdogo wako. Unaikumbuka ile picha niliyompiga mama amesimama mbele ya turubai jeupe, na lile gauni lake la kitenge cha kijani? Turubai lilitoka safi, mpaka mishono yake ikaonekana, na uso wa mama ukawa giza. Nilipompa hakusema kitu. Aliigeuza kifudifudi mezani, akaniuliza kama nimeshakula. Mpaka leo nauona mkono wake ukiigeuza.

Siku zile niliamini kamera yangu ni mbovu. Muhula huu tunasoma vipimo vya mwanga, na sasa najua kilichotokea. Kamera haijui kama inatazama mtu au ukuta. Inachukua mwanga wote ulioingia na kukadiria kana kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa rangi ya kijivu cha kati. Ikikuta turubai jeupe limejaa pande zote, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Turubai linapona, uso wa mama unazama.

Dawa yake ni kidude kinachoenea kiganjani, mita ya mwanga, chenye kibonge cheupe kama nusu ya mpira wa tenisi ya meza. Unakiweka chini ya kidevu cha mtu, kibonge kikielekea kamera, unabonyeza. Chenyewe kinapima mwanga unaomwangukia mtu, hakipimi unaorudi kutoka mwilini mwake. Kwa hiyo mtu awe mweusi kama mimi au mweupe kama hii theluji, jibu ni lile lile. Siku ya mazoezi mimi ndiye niliyekaa kitini. Mwenzangu alinipima, akapiga, picha ikatokea kwenye kompyuta kubwa ya darasani. Niliona mng'ao wa paji la uso, niliona weusi wa shavu langu na weusi mwingine wa shingo, tena niliona lile kovu la kwenye nyusi nililolipata siku tulipoanguka mwembeni. Miaka yote hiyo halijawahi kutoka kwenye picha hata moja. Machozi yalinilenga.

Halafu tukafundishwa habari ya Shirley. Mji huu ndio nyumbani kwa Kodak, ile kampuni ya kamera na mikanda ya picha, na nyumba ya mwanzilishi wake, George Eastman, siku hizi ni makumbusho ya picha. Enzi za mkanda, kampuni ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikazoeleka kuitwa kadi za Shirley. Fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya yule mwanamke itoke vizuri, na sisi wengine tukatoka vyovyote tulivyotoka. Inasimuliwa kwamba waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu rangi za kahawia za bidhaa zao hazikuwa zikipambanuka. Chokoleti, shoga yangu! Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Nilikaa ngazini baada ya kipindi nikizikumbuka albamu za kwetu, zile sura zisizoonekana ila macho, na jinsi tulivyokuwa tukimwambia bibi kwamba yeye picha hazimkubali.

 

Picha ya mama nimejaribu kuiokoa. Nimekaa nayo usiku tatu. Tatizo niliipiga kwa JPEG, faili la picha ambalo kamera imeshalipika yenyewe, na JPEG ina ngazi 256 tu kutoka giza mpaka mwanga kwa kila rangi. Uso wote wa mama ulibanana kwenye ngazi chache za chini kabisa. Nikiuvuta juu unatoka na mabaka ya kijivu na wekundu ambao si wake. Ningepiga faili ghafi, ile RAW, kamera yangu ingetunza ngazi 16,384. RAW ni unga, JPEG ni ugali. Ukishaiva huwezi kuurudisha unga. Kwa hiyo sikutumii nilichopata. Simtaki mama aigeuze tena.

Ninachokuomba ni hiki. Mkalishe mlango wa uani saa tatu asubuhi, ndani kidogo ya kivuli, uso uelekee nje, na nyuma yake pawe na giza la chumba. Usimpige saa sita juani. Kabla ya kubonyeza, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, simu ipime hapo. Nitumie nione.

Nami Juni nakuja, inshallah, na mita yangu mkobani. Mwambie mama lile gauni la kijani asiligawe.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa mwembeni